Verlyn, Uso Wako wa Asubuhi

Ni mwaka mzima sasa, Verlyn mwanangu, tangu nilipokushika mkono pale hospitalini nao ukaacha kunishika.

Kaka yako Aldric alitaka tuweke gazetini picha yako na mistari mitatu chini yake, kama wafanyavyo wengine. Nimemkatalia. Nina maneno na wewe, na nina maneno na akina mama na mabinti watakaosoma hapa. Kwa hiyo nazungumza nawe mbele yao, wasikie.

Ulikuja Huddersfield ukiwa mtoto wa miaka minane, sweta la kuazima linakufika magotini, lakini mdomo wako uliuleta mzima kutoka Carriacou, kisiwa chetu cha Karibi. Kule kisiwani ulikuwa umeshamwiga padri, umeshamwiga mwenye duka, na mama yako mdogo Theodosia ulimwiga mpaka mwendo wa nyonga yake mbovu. Alikuwa akisema, "Huyu mtoto ananiiba mimi mzima mzima, siku moja mtanikuta sipo." Huku ukawaanza wa huku. Nilikuwa narudi kutoka kiwanda cha sufu mgongo umekufa, nawe unanipokea mlangoni ukiwa msimamizi wangu, mikono kiunoni, pua juu, unaniuliza mbona nimechelewa. Nilicheka huku nalia kwa uchovu. Watu hawakujua nyumba yetu ndogo ilikuwa na kicheko kiasi gani.

Ulipoacha kazi nzuri ya maktaba uende London kuigiza, nilikuuliza ni kazi gani hiyo ya kujifanya mtu mwingine wakati wewe mwenyewe hujamaliza kuwa wewe. Ukanibusu kichwani ukasema, "Usiogope Mama, nitakuwa narudi." Na kweli ulirudi. Kila Jumapili uliyoweza ulipanda treni uje ule chakula changu, na kama huwezi ulipiga simu niwashe jiko ukisikiliza, nikueleze nimetia nini.

Mara yako ya kwanza kwenye televisheni nilipika tangu asubuhi. Majirani walikuja na viti vyao. Theodosia alikuwa bado anaishi huku, naye alivaa kofia ya kanisani kana kwamba wewe ndiye utakayemwona yeye. Ulikuwa muuguzi. Uliingia, ukasema, "Daktari anakuja sasa hivi," ukatoka. Theodosia alikuwa bado anatafuta miwani.

"Amepita? Yule aliyepita?"

"Ndiye."

"Mbona ana rangi ya majivu? Estimie, mtoto anakula huko London?"

Watu wakaangua kicheko, hata mimi. Wewe hukucheka. Jumapili yake ulinieleza tukiwa jikoni. Mpambaji alifungua sanduku lake la poda, akakutazama wewe, akatazama sanduku, akakuomba radhi. Poda zote zilikuwa za rangi ya unga wa ngano. Iliyokoza kuliko zote ilikuwa ya kuwapaka wenzako waonekane wametoka kuota jua ufukweni. Akakupaka hiyo hiyo, kwa nia njema, nawe ukaenda mbele ya kamera ukiwa kama mtu aliyefukuliwa.

Tangu siku ile hukumwachia mtu uso wako. Ulitafuta poda kwa mama mmoja wa Kighana sokoni Brixton, ukachanganya mbili mpaka zikalingana na shavu lako, ukaziweka kwenye kopo la biskuti. Uliamka kabla gari la kazini halijafika, ukajipaka mwenyewe, ukavaa na wigi mwenyewe, ukafika kazini uko tayari. Wenzako walikaa kwenye viti vya wapambaji wakipakwa, wewe unakunywa chai na mafundi umeme, unawauliza habari za watoto wao kwa majina. Wote walikusifu kwamba Verlyn ni mwepesi, Verlyn hajawahi kumchelewesha mtu. Nami mama yako nilijivuna. Kwetu mtoto asiyesumbua watu wazima ndiye mtoto aliyelelewa.

Na hukujifikiria peke yako. Mabinti wa rangi yetu walioingia kazi ile baada yako, ulikuwa unawachanganyia poda kila mmoja ya kwake, unawapa kwenye vichupa vya jamu. Krismasi uliwapelekea madereva keki yangu nyeusi iliyolowekwa ramu, mpaka mmoja akaniletea salamu kwamba mimi ndiye niliyemfanya akose ibada.

Miaka ikaenda. Ulikuwa muuguzi, ukawa mfagizi, ukawa muuguzi tena. Ukawa mama anayelia nje ya korti, mara nyingi hata nikakuambia wanasheria wenyewe hawaijui korti kama wewe. Mwishoni yanapopita majina ya waigizaji, lako lilikuja chini kabisa, na mbele yake wameandika "Muuguzi wa Pili", au "Mama wa Marehemu". Theodosia aliuliza, "Huyo Muuguzi wa Kwanza anaishi wapi, nikaongee naye?" Ulicheka mpaka ukashika meza. Lakini nilikuona ulivyonyamaza baadaye ukiosha vyombo.

Kisha wakakupa Sista Delphine, kwenye ile tamthilia ya hospitali, na nchi nzima ikakufahamu. Tukienda sokoni Huddersfield mwendo wa dakika tano ulikula saa nzima. Watu wanakuonyesha vidonda, wanakunja suruali kukuonyesha mishipa. Mwingine angewacheka. Wewe uliinama ukatazama kweli, ukamwambia mtu, "Mimi ni wa kuigiza tu, mpenzi, lakini hiyo usiingojee. Nenda kwa daktari wa kweli kesho." Mwanamke mmoja alikuja msibani kwako akaniambia alikwenda, na ndiyo maana yuko hai. Nilimshukuru. Halafu nikaenda chooni nikafunga mlango.

Basi ikaja ile simu. Uliniambia, "Mama, kaa chini." Nikakaa nikidhani kuna kifo. Ukasema umepata nafasi ya Marva Lashley, mwanamke muoka mikate anayemtafuta dada yake aliyepotea, na hadithi yote ni yake, mwanzo mpaka mwisho. "Ana jina, Mama. Ana na la ukoo. Na jina langu linatangulia la kila mtu." Nilikusikia unapumua. Ulikuwa umeingoja siku ile tangu una kiuno chembamba.

Sasa nafika pale panaponiuma, na hapa ndipo nataka wenye mabinti wasome polepole.

Vidole vyako vilikuwa vimeanza kukaza asubuhi. Ulikuwa unampa binti yako Renika akufungulie chupa ya achari, unatania kwamba kazi ya watoto ni hiyo. Nywele zilikuwa zinakatika, lakini wigi ilikuwa juu. Uso ulikuwa na upele, lakini poda ilikuwa juu. Ulikuwa umeshakwenda kwa daktari huko London, peke yako, naye alikuwa ameshakutajia jina, lupasi, ugonjwa wa mwili kujipiga wenyewe. Alikupa vidonge, akakuambia ujihadhari na jua na mataa makali, urudi kupima damu na mkojo ajue figo zikoje. Hukurudi. Mwigizaji anayebeba hadithi nzima lazima apite kwa daktari wa bima kabla kazi haijaanza, nawe ulimwambia daktari yule kwamba huumwi kitu. Haya yote nimeyajua baadaye, kutoka kwa Renika. Mimi nilichokiona ni miguu tu.

Ilikuwa Jumapili, umevua viatu chini ya meza yangu. Nilikuambia, "Verlyn, uvimbe huo si wa viatu."

"Ni kusimama, Mama. Huyu Marva hakai chini hata kidogo."

"Marva ni wa karatasi. Miguu hii ni yako. Hebu kanawe uso nikutazame."

Ukasema utanawa kesho, leo umechoka. Nikasimama nikachukua kitambaa. Ulinishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, maana nguvu hukuwa nazo, ukaniambia neno ambalo mpaka leo nalisikia nikichota maji.

"Mama, wakijua, watamleta Marva mwingine, na chai yangu itakuwa haijapoa wameshampata. Niache nimalize. Nikimaliza nitakwenda popote unapotaka."

Nilichemsha majani ya mstafeli. Niliwaweka wenzangu wa kanisani kwenye maombi. Nilimpigia Aldric, naye akakupigia, ukamfanya acheke, akanirudia akisema, "Mama, dada yuko sawa, kanichekesha mpaka mbavu." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako, mwanangu, na uliifanya vizuri kupita kiasi.

Ukamaliza kama ulivyosema. Siku ya mwisho walikupigia makofi wakakupa maua. Maua yale yalikuwa hayajanyauka wakati Renika alipokukuta sakafuni.

Figo zilikuwa zimekwisha, na maji yalikuwa yamepanda mapafuni. Muuguzi mmoja, wa kweli, alileta beseni akakunawisha uso taratibu na pamba. Poda ikatoka. Ndipo nikauona huo uso. Upele ulikuwa umelala kutoka shavu hadi shavu kupitia puani, umekaa kama kipepeo, mweusi wenye zambarau, na ngozi pembeni yake imekonda mpaka mifupa inahesabika. Mimi niliyekuzaa nililisoma jina lako kwenye utepe wa mkononi, kuhakikisha.

Msibani alikuja Gwenda, mpambaji wa miaka mingi, mwanamke wa Barnsley mwenye sauti nene. Alinishika mikono yote miwili.

"Sisi ndio tunaowaona kwanza, Bi Cudjoe," akaniambia. "Asubuhi, kabla hawajawa mtu. Tunajua mimba kabla ya mume. Mmoja nilimtazama macho nikamwambia nenda kapime ini, na amepona. Verlyn hakuwahi kukaa kwenye kiti changu. Alikuwa anapita mlangoni ananipungia, nami nasema asante Mungu, leo kazi imepungua mmoja."

Akalia, nikamfuta machozi. Akaniambia pia kwamba miaka ya mwisho sanduku lilikuwa limeshapata rangi zako zote, na binti mmoja hodari, Adaeze, alikuwa anakuomba kila siku akupake yeye. Ukawa unamjibu, "Asante mwanangu, nimeshazoea."

Mwanzo ulijipaka kwa sababu hawakuwa na rangi yako. Mwisho ulijipaka kwa sababu hukutaka waione.

Msiba ule ule mtu mmoja alisema nikisikia kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nilinyamaza, nilikuwa na jeneza la kuzika. Leo namjibu. Verlyn hakuficha kwa ujinga wala kwa kiburi. Alifundishwa kuficha na mlango wa kwanza alioingia. Ukiambiwa siku ya kwanza ya kazi kwamba uso wako ni shida ya kwako, uutafutie dawa mwenyewe, utakuwa mzoefu. Na aliyezoea kuficha rangi hashindwi kuficha homa.

Masika walionyesha hadithi ya Marva. Nyumba ilijaa tena, viti vikaletwa tena. Kila mtu alisema ulivyopendeza, ulivyonawiri, ulivyotulia. Mimi nilikuwa natazama mashavu yako. Kila ulipogeuka kwenye mwanga nilitamani niingize mkono mle ndani na kitambaa cha maji. Nilishindwa kufika mwisho. Sijui mpaka leo kama Marva alimwona dada yake, na nimewakataza wasiniambie.

Kwa hiyo enyi mabinti, na ninyi akina mama zao. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu unawapata sana wanawake wa asili yetu, na mara nyingi wakiwa bado vijana. Vidole vikikaza asubuhi, usiseme ni baridi. Nywele zikibaki kwenye kitana, usiseme ni mafuta mabaya. Upele ukikaa mashavuni na puani, miguu ikivimba, nenda ukapimwe, na ukiambiwa rudi, rudi. Dawa zipo. Wako watu wenye ugonjwa huu na wanalea wajukuu. Na wewe mama, binti yako akija amejipamba vizuri ameketi mezani pako, msifu kwanza, halafu mletee maji anawe.

Agosti tulikusimamishia jiwe la kaburi. Hatukungoja mwaka utimie kwa sababu Theodosia amezeeka, na baridi ya Novemba ingemrudisha Carriacou ndani ya sanduku. Tulifanya saraka, karamu yetu ya kuwalisha waliotangulia, kama inavyotakiwa. Tulipika mbaazi, ugali wa kuviringisha na jogoo, na sahani ya wazee tukaitenga kwenye chumba chako cha zamani, na yako kwa mara ya kwanza pamoja nao, tukafunga mlango ili mpate kula kwa nafasi. Theodosia ndiye aliyekupakulia. Akasema, "Mwekeeni paja, na asije akasema ameshiba."

Tukiwa bado tunakula, Renika alisimama akatuambia amekubaliwa chuo cha uigizaji.

Mwanangu, nilisema sitaki. Nilisema mbele ya watu wote na mbele ya sahani yako. Nilimwambia nimeshatoa mmoja, kazi ile haitanila mara mbili, aende akasomee kazi yoyote ambayo mtu akiifanya anaruhusiwa kuumwa. Aldric akaniambia nishushe sauti. Sikushusha.

Renika alikuja akapiga magoti kando ya kiti changu. Ana macho yako, wala hilo halinisaidii. Akasema, "Bibi, Mama hakuuawa na kamera."

"Aliuawa na nini basi?"

"Aliogopa kuwachelewesha watu."

Theodosia akasema polepole, "Mtoto kasema."

Nilikaa na neno lile siku nyingi, nikilipinga. Mwishowe nikamwita nikampa ruhusa yangu kwa sharti moja. Nilimwambia, popote watakapokuita, nenda na uso ulioamka nao. Kaa kwenye kiti. Asiye na rangi yako mwambie akaitafute, nawe umngoje hapo hapo, hata kama jua linazama, hata kama mfalme yuko nje. Wakikuchukia, njoo kwangu ule. Akaapa. Lakini kuapa na kufanya ni vitu viwili, na tangu aondoke Septemba kila simu ikilia moyo wangu ulikuwa unatangulia kuipokea.

Mwezi uliopita ikalia. Ilikuwa siku yao ya kwanza ya kupiga filamu, nje, na mwanga wa Oktoba ni mfupi.

"Bibi, wamenikasirikia. Hawakuwa na rangi yangu. Wamemtuma mtu mjini na gari, jua limekwenda, kazi ya leo imeharibika yote. Mwongozaji hasemi nami."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Uso mtupu?"

"Mtupu, Bibi. Kila mtu amenitazama. Mpambaji ameniuliza hata hiki kipele cha kidevuni nimekipata lini."

Nilimuuliza kipele gani. Akanieleza, cha kawaida tu, cha chokoleti. Nikamwambia anieleze tena. Nilimsikiliza mpaka mwisho, Verlyn, kisha nikavaa koti nikatoka, nikatembea mpaka makaburini nije nikuambie kwamba mwanao amewangojesha watu kutwa nzima.

Wanaokukumbuka ni mimi mama yako mzazi, Estimie Cudjoe. Binti yako Renika. Kaka yako Aldric na mkewe Yvette. Mama yako mdogo Theodosia, wa Harvey Vale, Carriacou. Gwenda na Adaeze. Akina mama wa kanisa wanaokutaja kila Jumapili. Na mabinti wote uliowachanganyia poda, popote walipo.

Tutakukumbuka siku zote tutakazopewa. Pumzika mwanangu. Hakuna unayemchelewesha.